Shoga, nimeuona mgomba London

Mwanaidi shoga yangu, salaam tele, mie mzima ila baridi ya huku inanitafuna mpaka mifupa. Wiki ilopita wifi kanitoa ndani kwa nguvu tukaenda Kew, ile bustani kubwa ya mimea, tukaanzia kwenye nyumba ya vioo inaitwa Palm House. Nafungua mlango tu miwani ikaingia ukungu sioni kitu, joto la kunata lile la Tanga mwezi wa pili, nikavua koti na sweta palepale. Halafu sasa nakuta watu wanapigana vikumbo kupiga picha mgomba! Mgomba, mkakao, mti wa kahawa, na kiingilio wamelipa, nilicheka peke yangu.

Lakini jengo lenyewe shoga, hapo nilinyamaza. Limejengwa 1844 mpaka 1848, mchoraji Decimus Burton na fundi chuma Richard Turner wa Dublin, na huyo Turner mbinu za kukunja vile vyuma kazitoa kwa waunda meli, ndo maana ukiangalia juu ni kama uko chini ya jahazi lililopinduliwa. Zamani maboila yalikuwa chini ya sakafu, moshi wanaupitisha kwenye handaki unaenda kutokea kwenye mnara kule mbali ili usichafue vioo, yaani wazungu na mambo yao. Panda ngazi za kuzunguka hadi juu, unatembea usawa wa makuti, ila huko joto ndo balaa, wifi kashuka mbio.

Kuna saikadi moja, mmea wa kale ulofanana na mnazi mfupi, Francis Masson mkusanya mimea wa Kew kaileta toka Afrika Kusini 1775, bado imo kwenye sanduku lake, shina limelala limeegemezwa magongo kama bibi kizee. Nimekaa nayo sana hiyo.

Nyumba ya pili, Temperate House, ni kubwa zaidi ila mie haikunishika vile, isipokuwa saikadi nyingine ya msitu wa Ngoye kule kwa Wazulu. Porini ulionekana mti mmoja tu, 1895, dume, na yote iliyopo duniani leo ni machipukizi ya huyohuyo. Jike hajapatikana hadi kesho. Wifi ati "bora yeye, hadaiwi mahari."

Mfikishie mama shikamoo yangu, na ile habari ya posa ya Zuhura uliniachia njiani, imalizie basi.

Wako, Rukia