Rubani naye anahitaji kulala

Mhariri,

Nimeendesha treni miaka 27, mingi kati ya Tabora na Kigoma. Usiku mmoja, tukiikaribia Kaliua, nilisinzia. Msaidizi wangu alinimwagia kopo zima la maji shingoni, akafoka: "Mzee, taa!" Mshahara ulikuwa umechelewa, na mchana kutwa nilishinda nikipalilia tumbaku.

Kwa hiyo mpwa wangu anayesomea urubani aliponisimulia ajali ya Februari 2009 karibu na Buffalo, Marekani, nilielewa upesi. Walikufa watu 50. Rubani msaidizi, binti wa miaka 24, mshahara wake haukufika dola 25,000 kwa mwaka. Alikuwa akiishi kwa wazazi karibu na Seattle, kazi iko Newark. Usiku wa kuamkia safari aliumalizia ndani ya ndege za mizigo.

Sheria ikaja, na tangu 2013 rubani msaidizi wa ndege za abiria kwa kawaida lazima awe ameruka saa 1,500. Mashirika ya ndege ndogo yakaanza kubisha hodi kwa wabunge: marubani hakuna, legezeni. Chama cha marubani kikajibu kwamba wapo, lipeni. Mwaka 2022 shirika moja liliomba saa 750, likakataliwa. Mwaka huohuo kadhaa yakapandisha mishahara, tena sana. Kumbe hela zilikuwepo!

Wabunge wetu, wenye ndege wakija kuwaona, muiteni na rubani mle chumbani. Mpwa wangu anamaliza mafunzo mwakani.

Dereva mstaafu wa treni,
Tabora