Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: ushuru wa bando unakata dakika zetu

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Arua, Uganda. Nafundisha Kiswahili kwa video za YouTube, lugha ambayo Katiba yetu imeitambua kuwa rasmi ya pili tangu 2005 ilhali watoto wengi bado hawana mwalimu wake. Narekodi kwa simu, usiku, mtaa ukishatulia.

Naomba nikueleze pesa ya video inavyotembea. YouTube haimlipi mtu kwa kupakia video. Mfanyabiashara hulipia tangazo lake, na katika kila dola 100 za matangazo ya video ndefu, 45 hubaki kwa kampuni, 55 humwendea mwenye chaneli. Lakini ili mwalimu wa video ndefu kama mimi auguse mgawo huo, ni lazima kwanza chaneli iwe na watu 1,000 waliojisajili na itazamwe saa 4,000 ndani ya miezi 12. Saa 4,000, Mheshimiwa, ni dakika 240,000! Ukishavuka hapo, malipo bado husubiri mpaka zitimie dola 100. Tena bei ya tangazo hufuata mahali alipo mtazamaji: aliye Marekani huleta pesa nyingi kuliko aliye Koboko. Sisi tunaotazamwa na Waganda wenzetu tunategemea wingi wa dakika.

Na dakika hizo ndizo zinazokatwa. Ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii iliondolewa Julai 2021, mahali pake ukaja ushuru wa asilimia 12 juu ya data. Mama mmoja muuza mihogo sokoni, mwanafunzi wangu mwaminifu kuliko wote, huniambia kila mara, "Mwalimu, bando limeisha nikiwa katikati." Majuzi lilimwishia kwenye ngeli ya KI-VI. Anajifunza ili aelewane na wateja wanaovuka mpaka kutoka Kongo.

Sheria ilisamehe data ya huduma za elimu na matibabu, nami nilifurahi niliposoma kifungu hicho. Ila mama huyu hununua bando la kawaida kibandani, lile lile la kutazamia mpira, na somo langu hutozwa pamoja nalo.

Tangu Julai 2023 nchi inatoza asilimia 5 ya mapato ambayo kampuni za kidijitali za nje zinayapata hapa kwetu. Kodi hiyo naiunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu inamfuata anayebaki na zile 45. Nakuomba, katika bajeti ijayo, uitegemee hiyo zaidi na umpunguzie mnunuzi wa bando ile asilimia 12.

Ukiniita Kampala nitakuja na takwimu za chaneli yangu, nikuonyeshe dakika ambayo watazamaji wangu huondokea.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Kiswahili, Arua