Risala ya wahadhiri kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, wakuu wa idara, wahadhiri wenzangu na wanafunzi wetu, karibuni sana na asanteni kwa kufika.

Mheshimiwa, tulivyokaa kuandaa risala hii tulikubaliana tusikuletee mlolongo wa shida, tukuambie moja tu inayotuumiza zaidi. Kufundisha ndo kazi iliyotuleta chuoni, lakini ikifika saa ya kupandishwa cheo ndo inayohesabiwa mwisho kabisa.

Chukua mwisho wa semista. Mhadhiri ana rundo la vitabu vya majibu, kila kimoja kina insha tatu nne, mwandiko mwingine kusomeka ni shida, na matokeo yanatakiwa kabla ya kikao cha bodi ya mitihani. Hajamaliza, mlangoni kuna mwanafunzi wa uzamili na sura ya tatu ya tasnifu yake, methodolojia haiendani na maswali ya utafiti, na huyo huwezi kumwandikia tu "rekebisha" ukamrudishia, inabidi mkae mpitie dodoso swali kwa swali mpaka aone mwenyewe kwamba hata wote wakilijaza bado hatapata jibu la kile anachokitafuta. Muda huo hauandikwi popote! Fomu ya kupanda cheo inauliza pepa ngapi za utafiti umechapisha na zimetoka jarida gani, basi.

Na watu wanasoma mazingira haraka. Mhadhiri kijana akiona hivyo anaanza kukata utafiti mmoja vipande vitatu ili apate pepa tatu, mwingine analipia majarida ya mtandaoni yanayochapisha chochote bila kupitiwa na wataalamu, na notsi za darasani zinabaki zilezile mwaka hadi mwaka. Sisi hatusemi hao ni wavivu, hapana, wanafuata kile chuo kinachokipima.

Hicho kipimo chenyewe cha ukubwa wa jarida, yaani "impact factor", wastani wa mara makala zake zinavyonukuliwa na watafiti wengine, kilibuniwa kuwasaidia wakutubi kuchagua majarida ya kununua, hakikubuniwa kupima mtu. Azimio la San Francisco la 2012 kuhusu tathmini ya utafiti linasema wazi kisitumike kuajiri wala kupandisha cheo. Na Pendekezo la UNESCO la 1997 kuhusu hadhi ya walimu wa elimu ya juu linataka mzigo wa kazi uwe wa haki, mtu aweze kuwahudumia wanafunzi na pia kufanya utafiti.

Kuna wenzetu wa mkataba wa muda pia, wao ndo wanaumia kimyakimya, wanalipwa saa za darasani tu, kutunga mtihani, kusahihisha na kumsikiliza mwanafunzi baada ya kipindi yote hayo ni bure na mwaka ujao hajui kama ataitwa.

Kwa hiyo mheshimiwa tunaomba utusemee huko kwenye baraza. Ufundishaji na usimamizi wa tasnifu vipewe alama zake kwenye fomu, na alama hizo zitokane na wenzetu kuingia darasani na kusoma mitihani tunayotunga, isiwe dodoso la wanafunzi la kumpima mhadhiri peke yake maana anayebana maksi ataumia hapo. Pepa zisomwe, zisihesabiwe tu. Na wenzetu wa muda walipwe kazi yote wanayoifanya, kuanzia semista ijayo kama inawezekana.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.