Wito wa harambee: duara la kisahani kwa watoto wetu wa kike, Wete

Assalaamu alaykum wazazi, wanafunzi wa zamani na ndugu zetu mlioko Unguja, Dar, Mombasa na Maskat.

Kamati ya skuli inakupigieni hodi. Safari hii si paa wala madawati. Tunataka kujenga duara la saruji la kurushia kisahani cha riadha, upana wake mita 2.5, na wavu wa kulizunguka. Wapo watakaouliza kama Pemba hatuna shida kubwa kuliko hiyo. Tunazo, na hizo nazo hatujaziacha. Lakini kwanza sikieni kisa cha bingwa wa kisahani, Valarie Allman.

Huyu ni binti wa Marekani, mzaliwa wa 1995, aliyekulia kwenye dansi. Alipokuwa sekondari kule Colorado alisikia kwamba warushaji wa skuli yao wana karamu ya tambi, na anayetaka kula sharti arushe. Akaenda kurusha. (Walimu wa michezo, zingatieni: sahani ya tambi imezaa bingwa.) Miguu iliyozoea kuzunguka kwenye dansi ikajikuta nyumbani. Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021, mtupo wake wa kwanza tu ulikwenda mita 68.98, baadaye mvua ikashuka, duara likateleza hata shindano likasimamishwa, na hakuna aliyemfikia. Paris 2024 akachukua dhahabu ya pili ya Olimpiki kwa mita 69.50. Ubingwa wa dunia ndio uliomtoa jasho. Budapest 2023 Mmarekani mwenzake, Laulauga Tausaga, alimpita kwa sentimita 26 tu. Ikabidi asubiri hadi 2025, akaupata Tokyo ile ile.

Wala si mchezo wa Wazungu peke yao. Mwaka 2022 dhahabu ya kisahani ya Jumuiya ya Madola ilikwenda Nigeria, kwa Chioma Onyekwere.

Wengi hudhani kisahani ni nguvu za mkono. Ni miguu. Mrushaji huanza akiwa ameupa mgongo uwanja, akazunguka mara moja na nusu juu ya nyayo, ndipo mkono uachie. Wasichana wetu wanazunguka kwenye mchanga nyuma ya goli, tena wakisubiri wanaume wamalize mpira, magharibi inakaribia. Kisigino kinazama, goti linabaki nyuma mwili ukienda mbele. Kuna mmoja wa Kidato cha Pili, kila akitaka kuzunguka hubana ncha ya ushungi kwa meno; anazunguka vizuri hasa, kisha mchanga unamshika mguu na kisahani kinaishia mikarafuuni. Na kisahani chenyewe ni cha mbao, alichotuchongea mzazi mmoja fundi seremala, Mungu amlipe. Hakina ukingo wa chuma, wala hakifiki kilo 1 inayotakiwa kwa wanawake.

Suala la stara tumelizungumza na wazazi: suruali ndefu na ushungi vinatosha, na mwalimu wa kike yupo muda wote.

Tunahitaji saruji, kokoto, mabomba ya nguzo na visahani vya kilo 1. Wavu ndio usiosameheka. Kisahani kikiponyoka mapema huruka pembeni, na pembeni ndiko wanakokaa wenzake mrushaji. Uwe wa kamba nene, uning'inie umelegea, ili ukidake kisahani kisimrudie mrushaji. Hapa tunawategemea ndugu zetu wavuvi wa Kojani; kazi ya nyavu hatuwezi kuwafundisha.

Fedha zipokelewe na mwekahazina wa kamati, ofisini kwa mwalimu mkuu, na kila mtoaji adai stakabadhi yake. Mlio mbali, mpeni jamaa yenu aliye hapa alete. Asiye na fedha taslimu lakini ana karafuu kavu, hata kilo moja tunapokea. Tutaziuza kituoni ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu, na hesabu tutaibandika ubaoni. Mafundi wa kumwaga zege tunawaomba Jumamosi asubuhi, kila mtu na beleshi lake. Chakula cha mchana kipo, na akina mama wameshaahidi kupika tambi.