Wazee tutembelewe na mtu yuleyule

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Gazeti lako limewasifu vijana wanaojitolea kwenda kukaa na wazee wapweke majumbani. Wanastahili sifa hizo. Ila mimi ni mmoja wa hao wanaotembelewa, na sisi huwa hatuulizwi tunaonaje. Nina miaka 79, ni fundi saa mstaafu, nimefiwa na mke na ninaishi peke yangu.

Kikundi kimoja, jina naliacha, kilikuwa kikiniletea sura mpya karibu kila mara. Maswali ni yaleyale: Mzee, una watoto wangapi? Wako wapi? Mama alifariki lini? Nikawa nasimulia msiba wangu kwa mtu nisiyemjua, akiondoka anakuja mwingine, naanza upya. Mwishoni tunapiga picha, nimeshikishwa mfuko wa zawadi, tunaagana. Vijana wenyewe wana adabu zao. Lawama yangu ni kwa wanaowapangia, maana wao wanahesabu nyumba zilizofikiwa, basi.

Kisha akatokea kijana mmoja ambaye alirudi. Si msemaji sana. Siku moja akavua saa yake ya mkononi, imesimama, akaniuliza kama naweza kuitazama. Nikatafuta lenzi yangu ya kubana jichoni. Betri ilikuwa imevuja, na pale inapogusana na chuma pameota kutu ya kijani. Mikono yangu siku hizi inatetemeka, kwa hiyo nilimwelekeza, yeye akashika kibanio. Akaangusha skrubu, ndogo kama chembe ya mchanga. Tuliitafuta sakafuni kwa tochi ya simu mpaka magoti yakaniuma, nami nikamgombeza kama nilivyokuwa nikiwagombeza wanafunzi wangu wa ufundi. Alicheka. Habari za upweke hakunigusia hata neno moja.

Sasa huja kila Alhamisi. Alipokuwa na mitihani alinipigia simu mapema kusema hatakuja. Wanaopanga ratiba naomba waizingatie simu hiyo: mzee aliyeambiwa kuna mgeni hunyoa ndevu, huvaa shati safi na kukaa karibu na mlango. Asipokuja mtu wala taarifa, ni afadhali asingeahidiwa.

Najua jambo hili ni kubwa kuliko nyumba yangu. Shirika la Afya Duniani lilisema katika ripoti yake ya Juni 2025 kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na likakadiria kuwa upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018, Japani ikafuata 2021. Mimi waziri simhitaji, anipe tu mtu wa Alhamisi. Waliolielewa hili mapema ni wale wa Paris: mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha juzi tu, Armand Marquiset alianzisha udugu wa kuwahudumia wazee maskini, na kauli yao ilikuwa maua kabla ya mkate. Chakula walipeleka pia. Lakini mzee kwao alikuwa mtu wa kuletewa maua.

Basi vikundi vipunguze idadi ya nyumba na kumpa kila mzee mgeni wake mmoja, kwa siku inayojulikana. Mgeni huyo akihama, aje kwanza na atakayempokea, watambulishane mbele yetu. Na mtu asione haya kutuomba kazi. Kuna wazee wanaojua kushona, kuandika barua rasmi, kupiga hesabu za mkopo, na hakuna anayewauliza.

Jambo la mwisho ni dogo: wanapoingia waketi upande wetu unaosikia, waseme kwa sauti, mmoja mmoja. Wengi wetu tunaitikia tu kwa kichwa, neno hatujalipata.

Fundi saa mstaafu