Mteja Akikwama Kwa Therapi Asilaumiwe Yeye Kwanza

Kwako Mhariri,

Salamu kutoka Kisauni. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo sisi makaunsela wa Mombasa twalizungumza wenyewe kwa wenyewe tukimaliza kazi lakini mbele za watu hatulisemi, nalo ni hawa wateja wanaokwama. Mtu yuwaja kwa therapi, analipa, anakaa, anaongea miezi na miezi, mambo ya utotoni yote ashayataja, anajua kabisa hasira zake zimetoka wapi na uoga wake umeanza lini, lakini ukimuuliza nyumbani kukoje anakwambia vile vile tu. Alafu siku moja haji tena. Na kwenye faili yake kunaandikwa ati hakuwa tayari kubadilika.

Hayo maneno yaniuma sana, sababu mara nyingi si kweli. Huyo mtu alipanda matatu mbili kuja, alimficha mumewe au mamake anakokwenda, alitoa pesa ambayo ingenunua unga wa ngano na mafuta, sasa kutotaka kubadilika kwake kuko wapi? Mimi nasema kabla ya kumuandikia hivo tujiulize kwanza kama njia tunayotumia sisi ndo imefika mwisho wake, na kama kuna njia ya wenzetu tungeiazima.

Maana kukwama kwenyewe si kwa aina moja. Chukulia mama aliyepata ajali ya barabarani. Kila sesheni anaieleza ile ajali vizuri, analia, anajifuta, anaaga, lakini matatu hapandi, kutoka Bamburi mpaka Mwembe Tayari ni atafute mtu wa kumpeleka au abaki nyumbani. Huyu mazungumzo yamemsaidia yalipofika, saa hizi anahitaji mtu wa kumsindikiza pole pole mpaka stejini, leo aiangalie gari tu kwa mbali, siku nyengine akae ndani ikiwa imesimama, baadaye asafiri steji moja ashuke, mpaka mwili wenyewe ujue hakuna kitu. Hiyo ni kazi ya watu wa tiba ya tabia, na wala si mambo ya Ulaya peke yake, Joseph Wolpe aliyeitengeneza miaka ya 1950 alikuwa daktari wa Afrika Kusini. Sasa kama kaunsela wako alisomea kusikiliza tu na anaona mazoezi kama hayo ni ukatili au si kazi yake, huyu mama atakaa hapo mwaka mzima akieleza ajali ile ile.

Alafu kuna mwengine kinyume chake kabisa. Baba mtu wa hesabu, makini, fomu zote za CBT, ile tiba ya kuchunguza na kurekebisha mawazo, anajaza, mawazo mabaya anayaandika upande huu na majibu yake upande ule, yote sawa sawa, lakini kifua kimekauka, tangu babake azikwe hajatoa chozi na usingizi hana. Huyu ukimuongezea fomu nyengine unampa pa kujificha. Kuna waliobobea kwenye hisia, toka enzi za Fritz Perls mpaka Leslie Greenberg wa Canada, wao wangemuwekea kiti kitupu mbele yake wamwambie zungumza na mzee, mwambie yale hukuwahi kumwambia. Inaonekana ni jambo dogo, lakini mtu akishafika pale akasema baba mbona hukuwahi kunisifu hata siku moja, yale machozi yaliyozuiliwa miaka yanatoka, na zile fomu zake zinaanza kuwa na maana.

Na wapo ambao shida yao hata haiko kichwani. Mwanamke anayepigwa, au mjane ambaye mashemeji wamemwambia atoke kwenye nyumba, ukikaa kumfundisha kubadilisha mawazo unamuonea, mawazo yake yako sawa, yuwaogopa kitu cha kuogopwa. Huyo mshike mkono mpeleke kwa anayejua sheria, kwa chifu, kwa kadhi, tafuta na jamaa zake wa kumpokea, na therapi iendelee huku hayo yakifanyika.

Ugomvi wa njia ipi bora ni wa zamani na umewapotezea watu muda mwingi. Wa Freud, wanaochimba ya utotoni na yaliyojificha moyoni, na wa tiba ya tabia walikuwa hawasalimiani. Lakini Saul Rosenzweig, mwanasaikolojia wa Marekani, alisema mapema, mwaka wa 1936, kwamba hizi njia zote huenda zinaponya kwa mambo ambayo ziko nayo kwa pamoja, kama vile uhusiano mzuri wa yule anayetibu na anayetibiwa. Arnold Lazarus, kijana wa Johannesburg aliyefundishwa na huyo huyo Wolpe, akasema 1967 kwamba azima mbinu popote inapofanya kazi, huhitaji kuamini nadharia yote ya mwenyewe. Paul Wachtel akaja 1977 akaonyesha vile saikoanalisisi, ndo ile tiba ya Freud, na tiba ya tabia zinaweza kukaa nyumba moja. 1983 wenye fikra hizo wakaanzisha chama chao cha kimataifa cha kuunganisha tiba. Yaani si mambo ya jana haya, na bado hapa kwetu kuna vyuo vinampa mwanafunzi diploma akiwa anajua njia moja tu na nyengine amezisoma kurasa mbili za kujibia mtihani.

Hadithi inayonigusa zaidi ni ya Marsha Linehan wa Seattle kule Marekani. Alikuwa anatibu wanawake waliojaribu kujiua mara kwa mara, watu ambao wataalamu wengi walikuwa washawakatia tamaa. Akaanza na tiba ya tabia, badilisha hiki, badilisha kile. Wakamjia juu, ati unatuambia sisi ndo shida, hujui tunavyoumia. Akageuka akawa anawakubali na kuwasikiliza tu, wakakasirika tena, kwa hivo huna la kutusaidia, utatuacha hivi hivi tukiteseka? Ndo akaunganisha yote mawili kwenye chumba kimoja, kukubali alikojifunza kwenye tafakuri za Zen za Kibudha na kubadilika kwa mazoezi ya kila wiki, saa nyengine ndani ya dakika hiyo hiyo moja, nakuelewa kabisa na pia lazima tufanye kitu. Utafiti wake wa kwanza ulitoka 1991 na wale wanawake walipunguza sana kujidhuru wakilinganishwa na waliopata matibabu ya kawaida. Alafu 2011 akajitokeza hadharani akasema yeye mwenyewe akiwa msichana wa miaka 17 alilazwa hospitali ya akili kwa shida hizo hizo. Mimi nikisoma hapo naona kwamba ile tiba yake, inayoitwa DBT, imetokana na wateja waliokwama, ni wao na hasira zao waliomuonyesha kitu gani kinakosekana. Kama angewaandikia hawako tayari kubadilika, yote hayo yasingekuwepo.

Sasa njoo kwetu Pwani kwenye unga, yaani heroini. Kila familia hapa ina mtu au inamjua mtu. Kijana anakaa maskani, mamake anamleta kwa nguvu, kaunsela anaanza kumhutubia, unaharibu maisha, muangalie mamako, na kijana anaitikia ndio, ndio, akitoka anarudi kule kule. William Miller aliyekuwa akitibu walevi aliliona hili, na akiwa Norway akizungumza na wenzake njia yake ikapata sura, akaiandika 1983, kwamba ukimsukuma mtu mwenye mioyo miwili yeye anautetea ule moyo wa kuendelea kutumia, lakini ukimuuliza vizuri ukamsikiliza anaanza mwenyewe kusema sababu zake za kuacha. Hapo ndo pa kuanzia. Lakini hapatoshi, maana mwili wake ushashikwa, arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ikimpanda hakuna maneno matamu yatakayomsaidia, anahitaji methadoni ya kliniki, dawa ya kuituliza hiyo arosto, na akishatulia anahitaji kufundishwa afanye nini akikutana na marafiki wa zamani, na nyuma ya yote hayo mara nyingi kuna jambo alifanyiwa akiwa mdogo ambalo siku moja itabidi liguswe. Ni njia nne hizo kwa mtu mmoja, na kila moja na wakati wake. Ukianza na lile jambo la utotoni wiki ya kwanza, utamrudisha kwenye unga jioni hiyo hiyo.

Ndo maana sikubaliani na wanaodhani kuchanganya ni kuokota okota. Nimeona watu wanaenda semina ya wikendi, Jumatatu mbinu mpya inajaribiwa kwa kila anayeingia mlangoni, leo funga macho, kesho chora picha, kesho kutwa kitu kimetoka Yutubu, na mteja hajui yuwapelekwa wapi. Hilo ni hatari, hasa kwa watu wenye majeraha ya kubakwa au ya vita vya nyumbani. Nahodha upepo ukigeuka kutoka kaskazi kuwa kusi hageuzi jahazi, anageuza tanga, na anajua kwanini anageuza. Jahazi kwetu ni ule uhusiano na mteja na yale malengo mliyokubaliana. Mbinu unaweza kuibadilisha, lakini umwambie, mama, tumezungumza vya kutosha na naona uoga wa gari uko pale pale, kuna namna nyengine ya kujaribu, inafanywa hivi, itakusumbua kidogo mwanzoni, waonaje? Na yeye ana haki ya kusema la.

Na tusijidanganye kwamba tukimuangalia mteja tu tutajua amekwama. Kuna utafiti wa Marekani wa 2005 waliwauliza wataalamu watabiri wateja gani hali zao zitazidi kuwa mbaya, wateja walikuwa 550, waliozidiwa walikuwa 40, na wataalamu walitabiri 3 peke yake, na kati ya hao 3 ni mmoja tu aliyezidiwa kweli. Watu waliosoma hao. Michael Lambert na wenzake wakaonyesha kwamba mtaalamu akipewa ripoti ya kila sesheni inayomwambia huyu anateleza, anabadilisha mapema na mteja anapata nafuu zaidi. Kwa hivo karatasi yenye maswali manne matano kila wiki, umelalaje, nyumbani kukoje, leo tumezungumza unachotaka ama la, haina gharama yoyote na naomba kila ofisi ya kaunseling Mombasa iwe nayo.

Kuna watakaosema haya ni ya matajiri wa Nyali. Hapana. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa sesheni tano unaochanganya kupumua kwa utulivu, kutatua shida, kurudi kwenye shughuli pole pole na kutafuta watu wa kukushika mkono, na ulijaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia dhuluma za kijinsia, ukifanywa na wahudumu wa kawaida wa jamii waliofundishwa, matokeo yakatoka 2017 na wale wanawake walipata nafuu. Kama imewezekana mitaa ya Nairobi itawezekana Likoni na Changamwe.

Jambo jengine ni dini, hatuwezi kuliruka tukiwa Mombasa. Mteja wangu ana shekhe wake au pasta wake, na wengine wana mganga ambaye hawatanitajia. Makaunsela wengine wanamfanya achague, ama hapa ama kule. Mimi naona ni makosa. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka wa 934, aliandika juu ya afya ya mwili na ya nafsi pamoja, na alieleza mtu apambane na huzuni na hofu kwa kujiwekea fikra zinazozipinga, miaka karibu elfu moja kabla ya Aaron Beck, mwanzilishi wa ile tiba ya mawazo, kutuletea mambo hayo kwa jina jengine. Mtu akiniambia dua inamtuliza usiku, hiyo dua iingie kwenye mpango wetu. Ila nasema wazi pia, kumpiga mgonjwa kumtoa jini, kumfunga kamba, kumnyima chakula, hapana, na anayesikia sauti au halali, siku nzima anaongea peke yake, apelekwe hospitali, Port Reitz kuna kitengo cha akili au aende Coast General, aonwe na daktari, na dua ziendelee.

Ombi langu kwa vyuo na kwa kaunti ni usimamizi. Sheria ya wanasihi na wanasaikolojia ya 2014 inataka tusajiliwe, sawa, lakini kusajiliwa hakumfundishi mtu afanye nini mteja akikwama. Kuwe na kikao cha makaunsela, hata mara moja kwa mwezi, mtu alete kesi iliyomshinda bila jina la mteja, aliyesomea CBT na aliyesomea familia na nesi wa methadoni wakae meza moja. Wale wanaofanya peke yao kwenye chumba juu ya duka ndo wanaohitaji zaidi.

Na wewe msomaji ambaye unakwenda na huoni tofauti, sema. Mwambie kaunsela wako, naona nimekwama, tulikubaliana tutafika wapi na tumefika wapi, kuna njia nyengine unaijua au kuna mwenzako anaijua? Kaunsela mzuri hatakasirika, atashukuru. Akikasirika au akikwambia tatizo ni imani yako ndogo, muombe akuandikie barua fupi ya yale mlioyafanya ili unakokwenda usianze upya, na uende kwa mwengine.

Wako,
Kaunsela, Kisauni, Mombasa