Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Diwani: kabla ya kuondoa hema, tupigieni simu

Mheshimiwa Diwani,
Winnipeg, Manitoba, Kanada.

Salamu, na pole kwa majukumu. Mimi ni mmoja wa wanaowahudumia usiku watu wasio na makazi hapa mjini. Barua hii nimeiandika kwa Kiswahili makusudi. Za Kiingereza nimekuletea tatu tangu majira ya baridi, nikajibiwa neno moja: zimepokelewa. Safari hii nataka Waswahili wenzangu wa hapa waisome, wale waliokusikiliza ukumbini kwetu Oktoba 2022 ulipokuja kuomba kura, ukasema hakuna atakayeondolewa kando ya mto kabla ya kuonyeshwa pa kulala. Nilikuwa safu ya pili. Nilipiga makofi.

Jumanne iliyopita alfajiri, lori lilifika kwenye mahema ya kingo za mto Assiniboine. Mzee mmoja wa Kianishinaabe, moja ya jamii za watu wa asili wa hapa, ninayemhudumia alikuwa ametoka kutafuta chai ya moto. Aliporudi alikuta majani yaliyolala, basi. Hemani mlikuwa na blanketi, dawa zake za kisukari, na bahasha yenye cheti cha kuzaliwa na kitambulisho. Karatasi hizo tulizihangaikia miezi minane. Bila karatasi ombi la nyumba halisogei, na Alhamisi, siku mbili tu baadaye, tulikuwa na miadi ya kwenda kuona chumba. Chumba kimepita. Nahisi wenye maduka walilalamika, au kuna haraka ya kusafisha kingo za mto kabla ya kiangazi. Vyovyote iwavyo, hakuna aliyetuuliza.

Watu hudhani kazi yetu ni kugawa soksi na supu. Soksi tunagawa, na naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha dawa za kulevya, hainitoki mfukoni. Lakini kazi yenyewe ni kumkuta mtu pale ulipomwacha jana. Mzee huyu nilikaa naye wiki sita kwa mbali kabla hajaniambia jina lake. Alichukuliwa kwao akiwa mtoto, na watu waliokuja kwa gari na karatasi za serikali, akapelekwa shule ya bweni, zile za kuwavua watoto wa asili lugha na mila zao. Watoto zaidi ya 150,000 walipitia shule hizo, na za mwisho zilifungwa miaka ya 1990, juzi tu. Hata leo, hapa Manitoba, karibu watoto tisa kati ya kumi walio chini ya ulinzi wa serikali ni wa watu wa asili, na wengine wakishafikisha umri wa kutolewa huko, mimi ndiye ninayewapokea barabarani. Sasa lori linakuja alfajiri na kumnyang'anya mzee alichobaki nacho. Unadhani atamwamini nani tena mwenye kitambulisho shingoni?

Mheshimiwa, mimi nimelala chini ya turubai miaka tisa, kambini Nyarugusu, Kigoma. Nilipoletwa hapa nilikabidhiwa ufunguo wa nyumba katika wiki ya tatu. Mgeni nilipewa mlango. Mji huu umekaa juu ya ardhi ya Mkataba wa Kwanza wa 1871, kati ya watu wa asili na ufalme wa Uingereza, na wajukuu wa waliouweka mkataba huo ndio ninaowafunika blanketi usiku. Katika Kanada nzima watu wa asili ni kama mtu mmoja kati ya ishirini. Kwenye mzunguko wangu wa usiku ndio walio wengi. Naona aibu. Naona aibu kumpa mwenye nchi blanketi nchini kwake, kisha niende kulala nyumbani kwangu.

Tumechoka pia. Tuko watatu na gari moja, ambalo kipasha joto chake kilikufa Januari, nje kukiwa nyuzi 30 chini ya sifuri. Februari nilimpeleka hospitali mama mmoja, vidole vya miguu vikakatwa. Mke wangu anasema naita majina ya watu usingizini.

Sheria ya Kanada ya 2019 kuhusu makazi inasema nyumba ni haki ya mtu, na najua nyumba hazijengwi kwa siku moja. Leo siombi nyumba. Naomba simu. Siku mbili kabla ya lori, tupigieni, tuje tuchukue karatasi, dawa na watu wetu. Namba yetu iko kwenye barua zote tatu.

Mzee sijamwona tangu Jumanne. Dawa zake mpya ninazo mkobani, na usiku huu naanzia tena chini ya daraja. Simu moja, Mheshimiwa.

Wako,
Mfanyakazi wa mitaani, zamu ya usiku